Nne ya Wachina

Kabla sijapanda ndege kwenda Peking mwaka 1972, nilikuwa naijua herufi moja ya Kichina kwa sura tu. Niliiona kwenye masanduku ya mbao kule Mang'ula, kambi kubwa ya wajenzi wa reli, nilikokuwa msaidizi wa stoo baada ya kumaliza kidato cha nne. Masanduku yale yalishushwa melini Dar es Salaam, yakasafirishwa hadi bonde la Kilombero, yakiwa yamepigwa maandishi meusi ubavuni. Mengi ya maandishi hayo yalikuwa vichaka vitupu machoni petu, ila herufi moja ilijirudia mno hata vibarua wasiojua a wala be wakaitambua: 车. Tuliiita "nne ya Wachina", maana ilifanana na tarakimu 4 iliyoongezwa mstari. Sanduku lenye nne ya Wachina lilikwenda kwa mafundi wa magari na mabehewa, si kwa wajenga madaraja. Hatukumuuliza mtu maana yake. Kazi ilikwenda.

Herufi hiyo ndiyo iliyokuja kunilisha mpaka nikastaafu, na watoto wangu wamesomeshwa nayo. Watu wakisikia nilisoma China hutaka niwasemeze Kichina. Mimi hupendelea kuomba karatasi.

Ujenzi wa reli, ile tuliyoiita Reli ya Uhuru, ulizinduliwa Oktoba 1970. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimekwisha kusema haina faida. China ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na kazi ya kutandika kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikaanza. Wachina walijua kwamba siku moja watafunga mizigo, na reli haiwezi kuachiwa watu waliofundishwa kubeba mataruma tu. Ndipo vijana wapatao 200 kutoka Tanzania na Zambia tukachaguliwa kwenda kusomea usafirishaji, injini, mabehewa, simu na ishara, njia, hata uhasibu wa reli. Mimi niliangukia mabehewa.

Tulipelekwa Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, si mbali na stesheni ya zamani ya Xizhimen, na usiku filimbi za treni zilitufikia kitandani. Tulifikiri tutakabidhiwa spana wiki ya kwanza. Badala yake tulikabidhiwa makoti mazito ya pamba, daftari na kalamu za risasi, tukaambiwa lugha kwanza.

Mwalimu wetu wa herufi alikuwa mama mwembamba wa makamo, mwenye miwani. Tulimwita Laoshi, yaani Mwalimu, na kwa Mtanzania wa miaka ile kumwita mtu Mwalimu halikuwa jambo dogo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, chetu hakikuwa kingi, na Wazambia hawakujua Kiswahili. Kwa hiyo alitumia mikono. Siku aliyoandika 车 ubaoni, mimi na mwenzangu mmoja tuliyetoka naye Mang'ula tulitazamana tukacheka kwa sauti. Nne ya Wachina! Laoshi akageuka kuona kuna nini. Tukashindwa kumweleza.

Inasomwa *che*. Ni gari, ni behewa, ni mkokoteni. Kitu chochote kinachobebwa na magurudumu kinaweza kuingia humo. Baadaye nilikuta hata mashine ya kukerezea chuma inaitwa kwa herufi hiyo, na kazi ya kukereza yenyewe pia, kwa kuwa chuma huzungushwa.

Hatukuiandika kwanza. Darasa zima tuliinua kidole hewani, watu wazima wenye ndevu, tukaandika juu ya vichwa vya waliokaa mbele huku tukitaja kila mstari kwa jina lake. *Heng*, mlalo mfupi wa juu. *Piezhe*, unaoshuka kwenda kushoto kisha unakunja kona kuelekea kulia bila kalamu kuinuka. *Heng* tena, mlalo mrefu. *Shu*, wima unaopasua katikati kutoka juu hadi chini. Minne. Ukianza na wima, Laoshi alikusimamisha hata kama herufi yako ilikuwa nzuri kuliko yake.

Tulibisha. Sisi tuliosomeshwa abichidi hakuna aliyewahi kutuuliza mguu upi wa A unatangulia. Kama picha ya mwisho ni ile ile, njia ina kazi gani? Laoshi hakutoa hotuba. Alichukua chaki akaandika 车 mbio mbio kwa mwendo wake halali: mistari ikaungana, kona zikalainika, na bado ikasomeka. Akaiandika tena mbio vile vile, ila kwa kuanzia popote mkono ulipoangukia. Ikawa uchafu ubaoni. Hapo ubishi ukaisha, maana tulikuwa tumeona barua za Wachina wenyewe zilivyoandikwa, hakuna anayechonga herufi moja moja kama kwenye kitabu. Aliyejifunza mwendo husoma mwandiko wa haraka kwa kuufuata mkono wa aliyeandika. Asiyejifunza husoma chapa tu. Miaka mingi baadaye, karakana ya Dar es Salaam, nilikuwa nasoma chaki za mafundi waliokuwa na haraka, na kila mara nilimkumbuka.

Daftari zetu zilikuwa na vyumba vya mraba, kila kimoja kimegawanywa kwa msalaba mwepesi, kikafanana na herufi 田, ambayo ni shamba. Herufi ilipaswa kukaa sawasawa ndani ya shamba lake: wima wa 车 uishukie ile alama ya katikati, mlalo mrefu uenee bila kugusa mpaka. Tulijaza kurasa. Mwenzangu wa chumbani, Mbemba kutoka Kasama, alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi sote kwa sababu nyumbani aliwahi kujifunza kuchora mabango ya duka. Herufi zake Laoshi alizibandika ukutani. Zangu hazikubandikwa.

Halafu, tulipoamini tumemalizana nayo, ikatugeuka. Inapokaa peke yake, 车 humalizikia na ule wima. Ikisogezwa kushoto ili ishirikiane na nyingine, mwendo hubadilika: wima hutangulia, na mlalo wa chini ndio huandikwa mwisho, tena si mlalo bali unapanda, unaelekea kwa jirani aliye kulia. Mistari ni minne bado, lakini mkono unajifunza upya. Na majirani wake ndio waliokuwa riziki yetu. 轮, gurudumu. 轴, ekseli. 轨, reli. 转, kuzunguka. 输, kupeleka mizigo. 辆, ambayo hutumika kuhesabia magari, na ambayo ikiungana na 车 hutoa jina la idara yetu ya mabehewa. Wale wa simu na ishara walituonea wivu kwa haki. Msamiati wao ulitawanyika huku na huku, wetu ulikuwa ukoo mmoja.

Ukoo huo ndio unaofanya kamusi ifanye kazi, na nadhani hapa ndipo wengi wasioijua lugha hiyo hukosea wanapodhani ni maelfu ya picha za kukariri. Tulipewa kamusi ndogo ya Xinhua, ile iliyotolewa upya mwaka 1971. Ukikutana na herufi usiyoijua, huna haja ya kujua inatamkwaje. Unatazama upande wa ukoo, unakuta 车. Unafungua orodha ya jamaa zake. Kisha unahesabu mistari ya upande uliobaki: 轨 imebakiza miwili, 轴 imebakiza mitano. Unashuka kwenye orodha hadi fungu la mitano, na pale inakungoja na ukurasa wake. Lakini hesabu hiyo inataka ujue mstari mmoja ni upi. Ile kona ya *piezhe* huonekana miwili, nayo ni mmoja, kwa sababu kalamu haikuinuka. Anayehesabu kwa macho hupotea kwenye orodha. Anayehesabu kwa mkono hufika.

Upande wa pili wa herufi hiyo sikuupata darasani. Mlangoni kwa bweni letu palikuwa na mzee mlinzi tuliyemwita Daye, kama Wapeking wanavyowaita wanaume wazee. Jioni za baridi alikaa karibu na jiko la makaa ya mawe akicheza chesi ya Kichina na yeyote aliyekuwa tayari kushindwa. Kete zake ni vipande vya mbao vya duara vilivyochongwa herufi juu. Kete za pembeni kabisa, ambazo huenda moja kwa moja kama ngome kwenye chesi tunayoijua sisi, zilichongwa herufi nisiyoipata: 車. Nilihesabu mistari saba. Nikamuuliza Daye. Akasema, "Ju."

Nikaenda kutafuta *ju* nikaambulia herufi chungu nzima, yake haimo machoni mwangu. Kesho yake nikarudi kulalamika. Daye akachovya kidole kwenye chai, akaandika 車 mezani, na pembeni yake akaandika 车. Ni hiyo hiyo. Moja ndiyo ya zamani, iliyoandikwa kwa karne nyingi. Nyingine ni ya serikali mpya, ile ya mpango wa kurahisisha mwandiko uliotangazwa mwaka 1956, na hata hiyo haikubuniwa ofisini, ilitolewa kwenye mwandiko wa haraka ambao watu walikuwa nao tangu kale. Na kwenye chesi tu, akasema, gari husomwa *ju*, kwa kuwa ni gari la vita, si la abiria. Kisha akafanya jambo ambalo sikulisahau. Aliniambia nisimame nitazame kwa juu. Kisanduku cha katikati, hicho ni kitanda cha gari. Mlalo wa juu na mlalo wa chini, hayo ni magurudumu mawili yakionekana kwa juu. Wima unaopita katikati ya vyote ni ekseli.

Mimi mwanafunzi wa mabehewa, nilikuwa nimeandika ekseli mamia ya mara bila kujua ni ekseli. Baadaye Laoshi alituonyesha michoro ya maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye mifupa, yaliyopatikana Anyang mkoani Henan. Pale gari lina magurudumu ya mviringo kabisa, na mti wa kufungia farasi. Ilichukua karne nyingi magurudumu hayo kunyooka yakawa milalo, na kizazi changu ndicho kilichokuta hata kitanda cha gari kimeondolewa. Daye alisema herufi mpya haina pa kukaa abiria. Alisema kwa mzaha, na kwa sauti ya chini, kwa sababu wakati ule si kila mzaha ulisemwa kwa sauti.

Mwaka 1974 kuta zilijaa dazibao, yale mabango ya herufi kubwa, ya kampeni ya kumkosoa Lin Biao pamoja na Confucius. Sisi wageni tulipita kando. Hayakuwa mambo yetu na tulionywa mapema tusiyatie mkono. Lakini kampeni ile ilimpandisha chati mfalme Qin Shi Huang, adui wa wafuasi wa Confucius, na kwa hiyo alifika mpaka darasani kwetu. Huyu aliunganisha dola za Kichina mwaka 221 kabla ya Kristo. Akaamuru dola nzima iwe na mwandiko mmoja, na magari yote yawe na ekseli za upana mmoja, ili magurudumu yafuate mifereji ile ile barabarani. Laoshi alipolieleza hilo, idara ya mabehewa ilipasuka kwa kicheko, na safari hii tulijitahidi kumweleza kwa nini.

Tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye mabehewa ya China ya upana wa milimita 1,435. Reli yetu ilikuwa inajengwa kwa 1,067 ili ioane na ya Zambia na za kusini mwake, zilizoachwa na Waingereza. Na reli ya kati ya Tanzania, waliyoianza Wajerumani, ni ya milimita 1,000. Pale Kidatu, ambako tawi la reli ya kati linakutana na reli mpya, hakuna behewa lililoweza kuvuka upande wa pili. Shehena ilitakiwa ishushwe na kupakiwa upya. Mbemba wangu alisimama akasema kwa Kichina chake kilichonyooka kwamba kila mkoloni wetu alikuja na ekseli yake. Laoshi aliiandika sentensi hiyo ubaoni, akasahihisha mpangilio wa neno moja, tukainakili. Hiyo 轴 ya ekseli iliyomo ndani yake nimeiandika mara nyingi tangu hapo, na kila nikipita Kidatu naiona.

Machi 1974 Rais wetu, Mwalimu Nyerere, alikuja Peking. Gazeti la Renmin Ribao liliandika jina lake kwa herufi tatu, 尼雷尔, nasi tulilikata ukurasani na kulibandika bwenini. Nilituma nakala nyumbani. Mama alidhani nimemtumia hirizi.

Kati ya safari za mafunzo, ile ya Qinglongqiao ndiyo niliyoipenda. Ni stesheni ndogo milimani karibu na Ukuta Mkuu, kwenye reli ya kutoka Peking hadi Zhangjiakou iliyojengwa kati ya 1905 na 1909. Mhandisi wake mkuu, Zhan Tianyou, alisoma Yale, Marekani, akarudi kwao akaijenga na wahandisi Wachina wakati wageni wengi wakisema haiwezekani bila wao. Mlima pale ni mkali mno. Zhan alitandika reli kwa umbo la herufi 人, mtu: treni hupanda mguu mmoja mpaka kileleni, husimama, kisha injini iliyokuwa nyuma huwa ndiyo ya mbele, na treni huondokea mguu wa pili. Tulisimama pale tukitazama treni ikiandika. Kwetu, kati ya Mlimba na Makambako, Wachina na Watanzania walikuwa wanapambana na mlima wa aina hiyo hiyo kwa mahandaki na madaraja marefu, na wengine walifia humo.

Sasa nije karakana, kwa sababu huko ndiko kalamu ya risasi ilikobadilika ikawa chaki.

Tulipelekwa Changxindian, kusini-magharibi mwa Peking, kwenye karakana zinazobeba jina la Februari 7, kwa kumbukumbu ya mgomo wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1923. Fundi niliyekabidhiwa kwake nilimwita Shifu, kama kila mwanagenzi anavyomwita fundi wake. Alikuwa na lafudhi ya kijijini kwao ambayo hata Wapeking waliilalamikia. Ongeza hapo nyundo za mvuke, minyororo, na watu wanaopigiana kelele. Kichina ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, na karakana haina adabu na sauti. Treni ni *huoche*. Behewa la mizigo nalo ni *huoche*. Ya kwanza sauti yake hushuka ndani kabisa kabla ya kuendelea, ya pili huangushwa ghafla kama amri. Darasani tulizitofautisha vizuri. Chini ya nyundo zilikuwa neno moja.

Shifu hakuhangaika. Alikuwa na kipande cha chaki nyuma ya sikio, na popote palipokuwa na chuma kitupu palikuwa ubao wake. 火车: moto, gari. 货车: shehena, gari. Sehemu ya chini ya hiyo herufi ya shehena ni 贝, kombe la baharini, kauri hizi hizi zinazookotwa pwani yetu, ambazo Wachina wa kale walizifanya fedha. Ndiyo maana herufi za mambo ya biashara zimejaa kauri. Shifu aliandika, akaelekeza kidole, akafuta kwa mkono wa koti. Nami nilijibu kwa chaki. Tulifanya kazi hivyo siku nzima bila kukosana, na kwa kweli Kichina changu cha mdomoni kilidumaa kidogo kwa sababu sikukihitaji. Alipotaka kiungo cha behewa aliandika 车钩, gari na ndoano. Alipotaka tusimamishe, 停车. Ekseli iliyochemka, ugonjwa unaoogopwa kuliko yote na watu wa mabehewa, kwa kuwa beringi ikiungua ekseli hukatika na treni huanguka, aliiandika 热轴 kwa herufi kubwa ubavuni mwa behewa, na behewa hilo halikutoka.

Tulihitimu Septemba 1975. Mwezi uliofuata treni za majaribio zilianza kupita njia nzima, na tarehe 14 Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa serikali zetu mbili. Mimi nilikuwa karakana ya Dar es Salaam, na wataalamu wa Kichina walikuwa wangali nasi kwa wingi. Kwenye mikutano alikuwepo mkalimani. Chini ya behewa hakuna mkalimani anayeingia na suruali yake safi. Huko chaki ilifanya kazi yake ya Changxindian, na jambo moja likatokea ambalo hakuna aliyelipanga: mafundi wetu wasiowahi kukanyaga China wakaanza kuziandika herufi wenyewe. Walizipata kwenye masanduku ya vipuri na kwenye michoro. Mzee mmoja wa Kilosa, fundi wa magurudumu, hakuwa na darasa la nne, lakini aliandika 轴 kwa mwendo ulionyooka kabisa, kwa sababu alimtazama Mchina akiandika, hakunakili kilichokwisha kuandikwa. Kwenye stesheni za njiani, behewa lenye ekseli inayochemka lilipigwa 热轴 kwa chaki na Mtanzania, likakatwa, na Mzambia aliyelikuta akajua la kufanya. Lilikuwa neno la Reli ya Uhuru, lenyewe halikuwa na nchi.

Wataalamu walipungua mwaka hadi mwaka. Zikaja injini nyingine zenye vitabu vya Kiingereza, na vijana wakaona Kichina kimepitwa. Mabehewa, hata hivyo, hayakubadilisha lugha. Michoro yake ilibaki vile vile, karatasi za buluu zilizokunjwa, kila kipimo na majina yake kwa Kichina. Wakati vipuri vilipoadimika na tukalazimika kuchonga vingine wenyewe, tuliifungua. Kinachosemwa na mdomo kwenye reli husahaulika zamu ikibadilika. Kilichoandikwa, mwenye kamusi na mkono uliofundishwa ataking'amua hata akiwa amesahau kukitamka. Mimi mwenyewe leo nikiongea Kichina natia huruma, lakini nipe mchoro wa bogi nitakusomea.

Nina mjukuu anayesoma Kichina. Taasisi za Confucius zilifunguliwa katika vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2013, na vijana wa siku hizi wanazungumza vizuri kutushinda sisi sote tulipokuwa Peking. Namsikiliza kwa fahari. Anaandika kwa simu. Anabonyeza c, h, e, kioo kinamletea safu ya herufi, anachagua. Siku moja nilimpa mchoro wenye mwandiko wa mkono, wa haraka, akautazama kwa muda. "Babu, hii simu haiwezi kuisoma." Nikamwambia aifuate kwa kidole hewani. Tulipata mbili kati ya tano, na mbili nyingine kesho yake. Ya tano mpaka leo tunabishana.

Septemba 2024, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia jijini Beijing kutiwa saini kwa makubaliano ya kuifufua reli yetu. Nafurahi. Nina ombi moja kwa watakaokuja kusafisha karakana. Nilipostaafu niliacha makabati yenye michoro na vitabu vya mabehewa, vyote kwa Kichina, vingine vikiwa na maelezo ya mkono ya mafundi waliotangulia. Visichomwe, wala visiuzwe kwa kilo kwa wafunga maandazi. Vipigwe picha, na majina ya vifaa yaandikwe kwa Kiswahili pembeni. Kabati moja linahitaji kijana mmoja anayesoma Kichina na mstaafu mmoja aliyelala chini ya mabehewa hayo. Vijana wapo Dodoma na Dar es Salaam. Wastaafu tupo Mbeya, Mlimba na Dar es Salaam, na wengi wetu hatutadai posho.